Barua kutoka New Hampshire: milima mifupi, maneno marefu



Mjomba, juzi kwenye simu wewe na wenzako hapo Marangu mliniuliza wikiendi huwa naenda wapi. Nikajibu "mlimani," mkacheka mpaka laini ikakatika. Nawaelewa. Mtu katoka Marangu, kavuka bahari, kapanga chumba Manchester ya New Hampshire, halafu Jumamosi anaamka saa kumi alfajiri kwenda kupanda mlima ambao haumlipi hata senti. Tena mlima wenyewe! Mlima Washington, mrefu kuliko yote kaskazini-mashariki mwa Marekani, una mita 1,917. Mjomba, hapo ni kama pale langoni pa hifadhi ya Kilimanjaro, enzi zako za upagazi, ulipokuwa ndiyo kwanza unapimiwa mzigo wako wa kilo 20. Wenzetu wakifika hapo wanakumbatiana na kupiga picha.

Ila msiudharau. Tarehe 12 Aprili 1934, wapima hali ya hewa waliokuwa kileleni walipata upepo wa kilomita 372 kwa saa, rekodi iliyokaa mpaka kimbunga cha Australia kilipoivunja mwaka 1996. Nyumba waliyokuwamo ilifungwa kwa minyororo isipeperuke. Na Aprili ndiyo wanayoiita majira ya kuchipua! Kipande hiki Mama asisomewe.

Sasa ni Machi, na theluji ya Machi ni nafiki. Asubuhi imekaza, unatembea juu yake kwa madaha. Ikifika saa sita jua limeilainisha na mguu unazama mpaka nyonga. Ndiyo maana tunavaa viatu vya theluji. Msifikirie buti: ni mfano wa nyungo mbili, mmoja kila mguu. Za zamani zilikuwa fremu ya mti iliyosukwa kwa kamba za ngozi. Za sasa ni alumini na plastiki, na chini zina meno ya chuma ya kung'ata barafu. Uzito wako unatandazwa, huzami. Sharti utembee umetanua miguu, vinginevyo unakanyaga wa kushoto kwa wa kulia na kwenda chini mbele za watu. Kurudi kinyumenyume sahau. Kwenye mwinuko mkali kuna kichuma cha kuegemeza kisigino, basi unamwona mwanamume mzima, na ndevu zake, anapanda mlima juu ya visigino virefu.

Asiyevaa hivyo anatoboa mashimo kwa miguu, usiku yanaganda, na kesho yake yanasubiri vifundo vya wengine. Hilo hapa halina msamaha. Jirani ukimzibia gari atakuambia hakuna shida. Uharibu njia ya theluji, hakusalimii tena.

Njia yenyewe, kwa kuwa imekanyagwa msimu mzima, huyeyuka mwisho. Pembeni theluji imenyong'onyea, katikati umebaki ukingo mwembamba mgumu, tunapita mmoja mmoja. Mkikutana, mmoja lazima akubali kuzama. Huwa ni mimi, kwa malezi yenu: wakubwa wanapishwa, na huku wapanda milima wengi ni wastaafu. Na kwa kuwa tunatembea juu ya theluji, alama za rangi zilizochorwa kwenye miti usawa wa macho sasa ziko magotini, na matawi yaliyokuwa juu ya kichwa yanakuchapa makofi usoni.

Milima ikiwa mifupi, watu wameirefusha kwa kanuni. Iko orodha ya vilele 48 vya jimbo hili vinavyohesabiwa kufika futi 4,000, yaani mita 1,219, na klabu yake ipo tangu 1957. Kilele hakihesabiwi mpaka kiinuke angalau mita 61 juu ya bonde linalokitenga na jirani yake. Kimojawapo, Owl's Head, unakiendea kutwa nzima, ukifika unaona miti tu. Lakini kimo orodhani, utafanyaje? Ukitaka sifa ya kupanda wakati wa baridi, ushuke kabla ya dakika ile majira ya kuchipua yanapoingia rasmi. Ukichelewa kidogo, theluji ingali kiunoni, umepanda "kwenye joto." Na wako wanaovipanda vyote 48 katika kila mwezi wa kalenda, jumla 576. Hao siwaelewi, ingawa nimeshachora jedwali.

Tangu Februari meza ya jikoni haionekani kwa ramani. Aprili na Mei ni matope; jirani zetu wa Vermont wanaomba njia za juu ziachwe mpaka mwisho wa Mei, maana udongo uliolowa ukikanyagwa unabomoka. Hapo nitakwenda Monadnock, kusini, mita 965, juu mwamba mtupu. Katikati ya Mei mpaka Juni ni visubi, na visubi wa huku hawajui dini. Julai ni safu ya Marais: unamkanyaga Jefferson asubuhi, Adams mchana, Madison jioni. Septemba ndio mwezi wenyewe. Oktoba majani ni mekundu na barabara zimejaa magari ya wanaokuja kuyatazama.

Nimekata na kadi ya dola 25. Ukipotea milimani, anayekuja kukutafuta ni idara ya jimbo ya samaki na wanyamapori. Kadi inakukinga usidaiwe gharama hata kama ulizembea, mradi hukujitia hatarini kwa ujasiri wa kijinga wala kwa makusudi.

Hili utalipenda: huku nako wapagazi wapo. Kuna vibanda vinane vya kulala milimani, na vyakula vibichi hupandishwa na vijana, wengi wao wanafunzi wa vyuo, mgongoni kwa fremu ya mbao. Kichwani hawajui. Niliwasimulia habari zako, wakataka kukuona.

Basi njoo Julai. Barabara ya gari mpaka kilele cha Washington ipo tangu 1861, na treni ya magurudumu ya meno tangu 1869. Watu wanaipungia mkono huku wanapanda kwa miguu. Sisi tutapanda treni, mizigo umebeba ya kutosha. Ila anza kushughulikia viza leo hii, maana hiyo Julai ninayoisema inaweza kuwa ya mwaka kesho.