Weka Tena, Mama

Bado nina hasira, kwa hiyo mtanivumilia. Jana mchana, chini ya mwamvuli wa kusajili laini, pembeni ya kituo cha daladala ambapo nusu ya wanaoshuka wananijua kwa jina, kimashine kinachoenea kiganjani kilitangaza kwamba mimi si mimi. Hakikutangaza kwa siri. Kiliwaka taa nyekundu, kikalia tiii, na kijana wa mwamvuli akasoma kwenye simu yake kwa sauti ya mpiga debe: "Alama za vidole hazilingani." Foleni yote ikanigeukia. Mzee mmoja mwenye baiskeli akaushika mkoba wake vizuri.

Nilikuwa nimekwenda kurudisha laini. Simu yangu ilikuwa imetoka kupitia dirisha la daladala, mkononi mwa mtu ambaye, nalisema mapema kwa sababu linaniuma, hakuombwa alama ya kidole chochote. Mimi niliombwa vitu viwili: namba ya NIDA na kidole. Namba nilikuwa nayo kichwani, tarakimu zote ishirini. Kidole nilikuwa nimekuja nacho.

"Weka tena, mama."

Nikaweka. Tiii.

Kijana akanitazama kama daktari anayetafuta namna ya kuanza. "Mama, unafua kwa jiki?"

"Nafua."

"Na nazi unakuna mwenyewe?"

"Sasa anikunie nani?"

"Ndiyo hivyo," akasema, akigeukia foleni, kana kwamba nimekiri kosa.

Tukahama kutoka dole gumba la kulia kwenda la kushoto. Tiii. Tukaja cha shahada. Tiii. Akakichukua kidole changu akakipangusa kwenye suruali yake bila kuomba ruhusa yangu wala ya suruali. Kisha akaniambia nikisugue kwenye paji la uso ili kipate mafuta. Jua lilikuwa la saa saba, mafuta yalikuwepo ya kutosha mtaa mzima. Nikasugua, nikaweka, tiii. Dada aliyekuwa nyuma yangu akasema mafuta ya paji la uso hayafai, ni mepesi, nichukue ya pembeni ya pua. Mzee wa baiskeli akasema ninawe kwa limao. Dereva wa bodaboda ambaye hakuwa hata kwenye foleni alimwacha abiria wake juu ya pikipiki, akaja kupendekeza mate, na abiria naye, kwa kuwa safari ilikuwa imesimama, akashuka kuja kupinga mate. Siku zote nilidhani watu wenye maoni juu ya kila jambo wanaishi kwenye magrupu ya WhatsApp. Kumbe mchana wanapanga foleni.

Ilipofika zamu ya kidole cha kati, nikajikuta nimesimama kando ya barabara ya lami nikimnyoshea kijana wa watu kidole ambacho hakinyoshwi, naye amekishika kwa heshima zote, anakigeuza huku na huku juani.

"Hiki nacho kimechoka, mama."

Usiku sikupata usingizi. Nikaazima simu ya mwanangu, nikaanza kusoma habari za vidole, na pamoja na chuki yote niliyonayo lazima nikiri kwamba ni mambo ya kushangaza. Michirizi ile huanza kujichora mtoto akiwa tumboni, mimba ikiwa ya miezi mitatu hivi, na jinsi inavyojikunja hutegemea mambo madogo mno ya humo ndani: kasi ya ngozi kukua, mkao wa mtoto, msukumo wa huku na kule. Ndiyo maana mapacha wa kufanana, wale ambao shangazi yao huwachanganya hadi wanaoa, hawafanani vidole. Koala, mnyama wa Australia anayelala juu ya mti sehemu kubwa ya siku, ana alama zinazofanana mno na za binadamu, hata kwa darubini si rahisi kuzitenganisha. Na koala hafui kwa jiki. Angefika jana chini ya ule mwamvuli angeondoka na laini.

Mashine yenyewe haisomi mchoro mzima. Inatafuta mahali mchirizi unapokatika na mahali mchirizi mmoja unapogawanyika kuwa miwili. Inapima umbali na pembe kati ya mahali hapo, inageuza yote kuwa namba, halafu inalinganisha namba hizo na zile ulizoacha siku ulipoandikishwa. Kupata picha ndiko kwenye ujanja mtupu. Chini ya kioo mna taa. Mwanga wake hupiga kioo kutokea ndani na kurudi, isipokuwa pale ngozi inapogusana na kioo sawasawa. Hapo haurudi vile, panaonekana peusi. Kwa hiyo kile kioo hakipigi picha ya kidole. Kinapiga picha ya mgusano. Kidole kikavu kinagusa nusunusu. Chenye maji kinajaza mabonde yote, panakuwa wino mtupu, kwa hiyo yule bodaboda na mate yake akae kimya. Na kidole kilichoishi na jiki, mbuzi ya nazi na sufuria la moto? Kijana alinionyesha changu kwenye simu yake. Kilionekana kama shamba la matuta ya viazi baada ya ng'ombe kupita.

Halafu asili yake. Mwaka 1858, huko Bengal, ofisa Mwingereza aliyeitwa William Herschel alikuwa anaingia mkataba na Rajyadhar Konai, mfanyabiashara wa hapo, amletee kokoto za barabara. Akampaka wino kiganja kizima na kumwambia agandamize nyuma ya karatasi. Sayansi haikuwepo. Kwa maelezo ya Herschel mwenyewe, alitaka kumtisha Konai asije siku moja akaikana sahihi yake. Basi. Mambo ya michirizi kutobadilika maisha yote alikuja kuyaona baadaye. Francis Galton akayaandikia kitabu mwaka 1892, na miaka michache mbele likaja suala la kuzipanga alama hizo kwenye makabati ili mtu akitafuta apate. Mfumo uliopatikana Calcutta ukaenea duniani kwa jina la Edward Henry, mkuu wa polisi wa Bengal. Hesabu zilipigwa na wasaidizi wake wawili, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Yaani jambo ambalo kazi yake yote ni kutambua mwenyewe ni nani, lilianza kwa kutomtambua mwenyewe.

Nilipofika hapo nilicheka peke yangu gizani. Nikasoma ukurasa mmoja zaidi, kicheko kikaisha.

Mashine, kumbe, haijui "ndiyo" wala "hapana". Inatoa maksi tu: kidole hiki kinakaribiana na kile kwa kiasi fulani. Mtu, akiwa amekaa ofisini, ndiye anayeamua maksi za kufaulu. Akizipandisha, watapenya matapeli wachache na watakataliwa wenye haki wengi. Akizishusha, kinyume chake. Popote atakapoziweka kutakuwa na wanaokataliwa, na wanaokataliwa hawapatikani kwa bahati nasibu. Ni wapara samaki wa Feri. Ni mafundi wanaochanganya zege kwa mikono, wakata mkonge, wanawake wanaosuka ukili, wazee ambao ngozi imekonda. Ni wagonjwa: ipo dawa ya saratani iitwayo capecitabine inayoweza kufuta alama kabisa, na msafiri mmoja wa Singapore aliyekuwa akiitumia alizuiwa kwa saa kadhaa alipotua Marekani. Mtu wa kalamu na kiyoyozi anasomeka mara ya kwanza. Kadiri ulivyoitumikia nchi kwa mikono yako, ndivyo kioo kinavyozidi kukutilia shaka, na aliyeweka zile maksi hajawahi kuambiwa hadharani kwamba vidole vyake vimechoka.

Sikatai kusajili. Nakumbuka Mei 2019 usajili wa vidole ulipoanza; tuliambiwa unakuja kukomesha utapeli, nikawa wa kwanza kupiga makofi. Mwisho ukawa Desemba 31, ukasogezwa hadi Januari 20, 2020, kisha laini zikaanza kuzimwa, na kila mtu anakumbuka foleni za siku zile. Mama zetu walibebwa kwenye bajaji kwenda kuonyesha vidole. Sawa. Sasa niambieni, ule ujumbe wa "Ile pesa tuma kwenye namba hii" umekoma? Unaingia alfajiri, unaingia msibani. Kila namba inayoutuma imesajiliwa, maana isiyosajiliwa haifanyi kazi. Kila moja ina kidole cha mtu. Ninautuma kwenda 15040 kama tulivyoelekezwa, na wiki haijaisha unakuja kwa namba nyingine, nayo ina kidole chake safi kilichosoma bila limao. Mtu asiyesomeka afanye nini? Nilimuuliza kijana. Akasema niende duka kubwa la kampuni. Duka kubwa wakaniambia haya yanafanyika kwenye mwamvuli. Nikarudi mwamvulini.

Kilichoniokoa ni kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho hakijafanya kazi yoyote tangu nizaliwe. Kikasoma papo hapo. Foleni ikapiga vigelegele. Abiria wa bodaboda akanipa mkono.

Muda huo wote mwizi wa simu alikuwa anajifanya mimi. WhatsApp ikishafunguliwa kwa namba haijali laini imo ndani ya simu au imetupwa mtaroni, kwa hiyo alikuwa ameingia kwenye grupu letu la kikoba na kuandika: "Habari zenu wapendwa, naomba mwenye elfu hamsini anisitiri hadi jioni, Mungu awabariki sana." Mweka hazina akamjibu hapo hapo: "Huyu siye. Hajawahi kutubariki." Wakamtoa. Niliporudi kwa laini mpya wakagoma kunirudisha hadi nitume sauti. Nikatuma, nikiwauliza kwa nini marejesho ya mwezi uliopita hayajasomwa hadi leo na nani anaficha daftari. "Ndiye," akaandika mweka hazina. Hakuna aliyeuliza kidole.

Mashine nyingine ziliendelea kunikataa: programu ya benki ikanitaka nifumbe na kufumbua macho mbele ya kamera, kisha ikaniomba nimwondoe mtu mwingine aliyeonekana nyuma yangu, ambaye ni mimi kwenye picha yangu ya harusi.

Nayo tovuti ya tiketi za basi ikanitaka nichague picha zote zenye bomba la zimamoto, lile fupi jekundu la mitaa ya Marekani, na kwa kutolitambua nikahesabiwa roboti.

Leo asubuhi, kwa kuwa sasa nina laini na nina uchungu, nikapiga *106# kuangalia ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho changu. Nilitegemea kuona moja. Zikaja mbili, na ya pili siijui. Mchezo wenyewe ni wa zamani, wengi wenu mnaujua: unaweka kidole, wakala anasema "haijasoma, weka tena", unaweka tena, na hiyo ya pili inasajili laini nyingine kabisa ambayo itauzwa kituoni kwa mtu asiye na muda wa maswali. Kwa hiyo siku fulani, chini ya mwamvuli fulani, kidole changu kilisoma vizuri mno. Kilisoma mara mbili.

Nikaipigia. Akapokea mwanamume, nyuma yake kuna ngurumo ya lori.

"Shikamoo."

"Marahaba. Hii namba ni ya nani?"

"Yangu, mama."

"Imesajiliwa kwa jina langu."

Kimya. Halafu akanitaja majina yangu yote matatu, kwa furaha ya mtu aliyekutana na ndugu yake aliyepotea. "Kumbe ndiye wewe! Wateja wakinitumia hela linatokea jina lako. Wengine wananiita mama."

Anauza mkaa. Vidole vyake, aliniambia, vilikataliwa kwenye kila mwamvuli kuanzia Kibaha hadi Mbagala, vyote kumi, mpaka akachoka kuviosha. Akanunua laini iliyokwisha sajiliwa, hakuuliza kwa nani. Nilimweleza kwamba polisi wakiitafuta namba ile kwa jambo lolote mlango watakaogonga ni wangu. Alinielewa, aliomba radhi, na akanisihi nisiifunge kwanza maana daftari la madeni lote limo humo. Akibadili namba waliomkopa watasema hawamjui. Nikamwambia anisomee hilo daftari.

Nimempa hadi mwisho wa mwezi. Na yule mama ntilie wa Buguruni aliyechukua magunia mawili akasema atalipa Ijumaa: jina linalotokea kwenye simu yako ukitaka kutuma hela ni langu, Ijumaa imepita, na mimi siyo mpole kama yule muuza mkaa.