Naidai Hamsini Yangu

Nikifa, wosia wangu utakuwa na ukurasa mmoja wa ziada: orodha ya maduka, kuanzia stendi ya Kahama mpaka Katoro, yaliyokaa na hamsini zangu. Wanangu wazifuate. Hamsini ya chumvi, hamsini ya kiberiti, hamsini ya majani ya chai, zote zimelala kwenye makopo ya watu, na sijawahi kuona duka linalopoteza hamsini kwa ajili yangu. Bei ikiwa 1,950 ukatoa 2,000, chenji hakuna. Bei ikiwa 2,050 ukatoa 2,000, ghafla mangi anakuwa mhasibu.

“Mzee wangu, hamsini zimeadimika. Chukua pipi.”

Daktari ameshanikataza sukari, na wajukuu wamezikinai hizo pipi. Siku moja nilimrudishia mangi pipi zake nikitaka kiberiti. Akaniuliza kama nimelala vizuri. Kumbe pipi ni fedha inayokwenda upande mmoja tu, kutoka kwake kuja kwangu. Enzi za misafara ya Unyanyembe watu walinunua chakula kwa shanga na vitambaa, na shuleni tulifundishwa tuwaonee huruma. Huruma ya nini? Shanga uliyopokea leo uliweza kuitoa kesho, ilimradi rangi yake haijapitwa na wakati. Hakuna aliyekuuliza umelalaje.

Yangenikuta haya mahali pengine, ningenyamaza. Lakini yananikuta huku, kwenye nchi ya dhahabu, ambako watu wamebobea katika kuhesabu vitu vidogo. Tangu soko la kwanza la madini lifunguliwe Geita, Machi 2019, nenda kaangalie dhahabu inavyopimwa. Mizani imefunikwa kwa kioo ili hata pumzi ya muuzaji isiiguse. Watu wazima wanainama kutazama tarakimu ya mwisho kabisa inacheza wapi. Halafu inakuja serikali, ambayo mwaka huo wa 2019 ilidai mrabaha asilimia 6, ada ya ukaguzi asilimia 1, ushuru wa huduma wa halmashauri asilimia 0.3. Sifuri nukta tatu! Sijasikia mchimbaji amemwambia ofisa, “Mkuu, ile nukta tatu sina, nikupe pipi?”

Huko machimboni ndiyo usiseme. Mawe yametolewa kwenye duara, yamesagwa kwenye karasha, yameoshwa, dhahabu imechukuliwa, na ule mchanga uliobaki, marudio, bado unauzwa, unanunuliwa, na unachenjuliwa upya kutafuta vumbi lililosahaulika. Mtu huyohuyo aliyeshinda juani akiwinda vumbi, akiangusha hamsini mbele ya kibanda cha chipsi hainami kuiokota. Ataonekana hana kitu. Mkoa mzima unajua kuchenjua na hakuna anayejua kurudisha chenji.

Nikilalamika hivi vijana wa bodaboda huniambia, “Babu, hamsini siyo hela.” Naam. Kwa hiyo nawaeleza habari za sumni, na wao huwasha pikipiki.

Sumni, ambayo watu wa pwani wataitamka thumuni, ni moja ya nane. Ya nane ya nini? Ya reale, ile fedha nene ya Maria Theresa iliyozunguka Zanzibar na mwambao, ambayo hata ikifuliwa lini huandikwa mwaka 1780. Reale moja ilikuwa kama rupia mbili na kidogo, kwa hiyo sehemu yake ya nane ilikaribia robo ya rupia. Mwingereza alipoiondoa rupia mwaka 1920 akaihesabu sawa na shilingi mbili, na shilingi yenyewe ikaanza kazi 1922. Robo ya shilingi mbili ni senti hamsini. Basi nusu shilingi ikabaki inaitwa moja ya nane, na kwa miaka mingi hakuna aliyelalamika kwamba hesabu haikai. Ilikuwa inanunua. Nikiwa mtoto, sumni iliniletea maandazi na kipande cha muwa, na muuzaji alinirudishia ndururu. Ndururu ni senti tano. Yule mama hakuwa na kikokotoo wala duka; alikuwa na beseni na kitambaa kilichofungwa fundo, na humo kwenye fundo chenji haikukosekana.

Sumni ya mkoloni ilikuwa na simba amesimama mbele ya milima. Tulipopata Benki Kuu yetu, mwaka 1966, upande mmoja akawekwa Mwalimu na upande wa pili, badala ya simba, sungura. Wengine waliona tumeshushwa daraja. Mimi niliona sawa, kwa sababu kila aliyelelewa na bibi anajua kati ya wale wawili nani humaliza hadithi akiwa hai. Ila sasa ninapozipanga zile sarafu mezani nashuku kulikuwa na ishara. Senti tano: samaki, tena yule wa baharini mwenye mbio kuliko wenzake. Senti ishirini: mbuni. Senti hamsini: sungura. Fedha yote hiyo imechorwa wakimbiaji, halafu tunashangaa imekwenda wapi.

Ilikwenda hivi. Mwaka 1966 dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi saba na senti kadhaa. Mwaka 1986 ulianza dola ikiwa shilingi kama 17 na ukaisha ikiwa zaidi ya 50. Sungura hakuaga. Akapungua kwenye minada, akapungua kwenye vitambaa vya akina mama, mpaka ukimkuta kwenye mfuko wa koti la zamani unamwonyesha mtoto kama kumbukumbu.

Hii hamsini ninayonyimwa leo, ya mwaka 1996, ina kifaru na mtoto wake. Kifaru! Mnyama ambaye ukitaka kumwona porini unahitaji kibali, gari na bahati. Sasa hata kwenye sarafu hapatikani. Mia ina swala, wale nao ni wa kukimbia. Mia mbili ina simba. Mia tano ya mwaka 2014 ina nyati, na huyo kwa uzito wake anatoboa mfuko na kuondoka kwa miguu.

Halafu piga hesabu ambayo mangi haipigi. Shilingi hamsini ina sumni mia moja ndani yake. Kila anaponipa pipi anabaki na sumni mia. Kwa bei ya 1966 hizo zilikuwa dola saba. Najua, najua, thamani imeshuka. Naisikia kila nikinunua mafuta ya kula. Lakini kama hamsini haina thamani, mbona hanipi?

Wanaosema chenji haiwezi kupatikana hawajasikia ya Tabora, hapo jirani tu, reli ikiteremka kutoka Shinyanga. Mwaka 1916 Mjerumani alikuwa vitani na Mwingereza amemfungia bahari. Sarafu kutoka kwao haziji. Kumbuka hesabu yake tangu 1904 ilikuwa rupia moja kwa hela mia, na kabla ya hapo rupia moja kwa pesa 64. (Ndiyo, hela na pesa zilikuwa sarafu za chini. Tajiri wa Katoro anayejisifu ana hela anajisifu kwa shaba.) Basi alifanya nini alipokosa chenji? Aligawa pipi? Aliingia kwenye karakana ya reli pale Tabora akaanza kufua mwenyewe: hela tano na hela ishirini, za shaba, nyingine hazikupigwa vizuri, zimekaa upandeupande, lakini chenji. Dhahabu ya mgodi wa Sekenke, kule Iramba, nayo ikafuliwa rupia kumi na tano zenye tembo aliyeinua mkonga, zikatoka 16,198. Mwezi wa tisa mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora. Yule Mjerumani alikuwa na majeshi ya maadui nyuma yake na bado alihangaikia chenji ya watu. Mangi anahangaishwa na nani?

Wanaokusanya sarafu wanalia kwa ajili ya ule tembo wa dhahabu, na akiuzwa leo anauzwa kwa maelfu ya dola. Mimi nawawazia waliokuwa nao wakati ule. Mtu amelipwa rupia kumi na tano, kipande kimoja, amekwenda sokoni Tabora kununua karanga. Hela 1,500 za karanga! Huyo mama wa karanga angemrudishia nini? Dhahabu bila chenji ni mzigo, na ndiyo maana nasema zile hela tano zilizokaa upande zilikuwa kazi kubwa kuliko tembo.

Haya yote nilimweleza mangi, na Wabelgiji nikawaweka. Alisikiliza kwa adabu huku akipimia watu sukari. Nilipomaliza, akasema, “Basi mzee wangu, tusigombane. Nitakuwa nakuandika.” Akafungua lile daftari la wadaiwa, akanitafutia ukurasa wa nyuma, na tangu hapo kila chenji ikikosekana anaandika hamsini, nami natia sahihi. Wateja wengine wakiliona jina langu humo wananionea haya, wanadhani nadaiwa unga.

Wiki iliyopita nikadai malipo. Akajumlisha kwa kalamu, akarudia kwa kikokotoo cha simu: 350. Akanipa simba mmoja na swala wake, 300, akakata mistari yote isipokuwa mmoja.

“Hii hamsini moja, mzee,” akasema, “wacha niihamishie ukurasa mpya.”