Theluji ya Mitumba

Theluji mashuhuri kupita zote katika historia ya Kitui ilionekana kutoka mbali sana. Mnamo tarehe 3 Desemba 1849, Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyekuwa mgeni wa Kivoi, yule mfanyabiashara mkuu wa Ukambani, aliinua macho akauona Mlima Kenya na weupe wake kileleni. Na habari hiyo ilipofika Uingereza alitokea mwanazuoni mmoja wa London, bwana Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga bara hili, akaikanusha kwa ushupavu mkubwa, kwani kwa hesabu zake theluji haiwezi kukaa karibu na Ikweta. Laiti bwana huyo angefufuka leo, akapita katika soko la Kalundu mjini Kitui siku chache kabla ya Krismasi! Angeikuta theluji imemwagwa juu ya turubai, baina ya viatu na sidiria za mitumba, ikiuzwa kwa mafungu.

Ikumbukwe kwamba Desemba kwetu ni mwezi wa vuli: udongo mwekundu umelowa, kunde zimetambaa hadi kizingitini, maembe ya Makueni yameanza kuiva, na jua la adhuhuri humfanya hata mbwa atafute kivuli bila kushauriwa. Lakini marobota yanayofunguliwa katika soko la Gikomba jijini Nairobi, kisha yakasambazwa hata kwetu, yametoka katika nchi za baridi, na pamoja na makoti huja mapambo ya sikukuu ambayo wenyewe wameyachoka: miti ya plastiki iliyopungukiwa matawi, kulungu wenye pembe moja, wazee wa ndevu waliovaa manyoya, na hiyo theluji, ambayo ukiichunguza kwa haki ni pamba tu.

Mama watoto ana itikadi, naye haoneshi dalili ya kuiacha, kwamba pambo jipya la dukani ni israfu, ilhali pambo kuukuu la sokoni ni maarifa. Basi tukaenda. Kijana mmoja muuzaji akanishika mkono kwa jamala zote, akaniambia, “Mzee, hizi taa ni kamera, hutazipata tena,” na kamera, kwa wasiojua lugha ya mitumba, ni ile bidhaa ya daraja la kwanza iliyotoka juu ya robota kabla ya mikono mingine kuifikia. Zilikuwa taa ndogo ndogo za rangi, za zamani, zimepangwa katika waya mmoja mrefu, nazo zilipendeza kweli. Tukanunua taa, tukanunua mti, tukanunua na mafungu ya theluji.

Mti ulipofika nyumbani ulikosa miguu. Binti yetu, ambaye ndiye msanifu wa sebule, akatoa ghalani kigoda cha miguu mitatu kilichonakshiwa kwa nyuzi za shaba, alichokuwa akikalia marehemu babu yake, akausimamisha mti juu yake, na kusema kweli vilioana kwa uzuri. Lakini alasiri akawasili Susu, mama yangu mzazi, akaegemea mkongojo wake, akautazama mti ule kitambo kirefu, kisha akauliza kwa utulivu wa kutisha umezaa wana wangapi, na umehudhuria mabaraza mangapi, hata ukapewa kukalia kiti cha mzee. Hapakuwa na mwenye jawabu. Mti ukahamishiwa ndani ya debe la mafuta, na Susu akakikalia kigoda yeye mwenyewe ili suala hilo lisifufuke.

Zikabaki taa. Plagi yake ilikuwa na ndimi mbili bapa ambazo hazikukubaliana na soketi zetu za matundu matatu ya mstatili, na kijana wetu, aliyetoka chuo cha ufundi na hamu isiyo kifani ya kutumia elimu yake, akaikata akafunga nyingine. Sasa, stima ya Kenya ni ya volti 240, na ile ya Marekani, zilikozaliwa taa zile, ni ya volti 120. Tena taa za namna hiyo hufungwa kwa mfululizo, zikagawana umeme baina yao kila moja sehemu yake ndogo. Zilipopewa maradufu ya haki yao zikawaka kwa nuru ambayo sijapata kuiona kabla wala baada, sote tukasema “Aaa!” kwa pamoja, na kabla hatujamaliza kusema, zikazimika. Sebule ikanuka mpira ulioungua.

Fundi mmoja mjini alitufariji kwamba dawa ipo, nayo ni nyepesi: chukua nyaya mbili za aina moja, uziunge mkia kwa kichwa, ili kila moja ipate nusu ya volti zile. Rai nzuri, ila yatupasa tupate nyaya mbili nzima zinazofanana, katika biashara ambayo sifa yake kubwa ni kutokuwa na kitu cha pili kama cha kwanza. Kwa kuwa mama watoto hakati tamaa, nikatumwa hadi Kibwezi, kule Makueni, kwa barabara ya Mutomo na Ikutha, nikavuka mto Athi, nikachakura mafungu ya watu mchana kutwa. Sikupata taa za rangi. Nilipata karabai ya shaba, pacha wa ile waliyoiuza wanangu kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu kwa bei ya mkate, nami nikailipia thamani ya jogoo wawili.

Usiku wa mkesha mvua ilikuwa imekwisha kunyesha. Tukaijaza karabai mafuta ya taa, tukaipiga pampu, ikaanza kuvuma, na nuru yake nyeupe ikatoka madirishani ikaenea shambani kote. Waliokuwa wa kwanza kuitikia mwaliko si jirani, ni kumbikumbi. Waliingia kwa maelfu, wakaizunguka taa, wakaangusha mbawa zao juu ya mti, juu ya kulungu wa pembe moja, juu ya pamba yetu, zikarundikana nyeupe na nyepesi hata binti yetu akakiri kwamba theluji hiyo imeizidi ile ya kununua. Kulipopambazuka kuku walikuwa wamekwisha kuingia sebuleni, na walichokula pamoja na kumbikumbi sipendi kukitaja. Wageni wa Krismasi waliukuta mti una matawi machache kuliko ulivyotoka Kalundu, wakausifu kwa adabu, wakala pilau na nyama ya mbuzi.

Nawe msomaji, ukikutana na taa nzuri za kamera juu ya turubai, nakuomba, kabla hujauliza bei, igeuze plagi uisome: ukiona imeandikwa 120, mrudishie muuzaji kwa taadhima. Lakini ukiona na waya wa pili unaofanana na wa taa hizo, popote kati ya Mwingi na Mtito Andei, tafadhali ninunulie yote miwili.