Kidevu cha Rubani

Nakaa mtaa wa Annexe, upande wa uwanja wa ndege wa Luano, ambako ndege zikishuka hata kuku hawainui tena kichwa. Kazi yangu ni miwani, na wateja wangu wagumu ni marubani waliovuka miaka 45. Umri huo jicho huanza kukataa maandishi ya karibu, na rubani yuko tayari kuzeeka mwili mzima isipokuwa macho.

Wote wanaagiza kitu kimoja: miwani ya jua mipana ya umbo la tone, mtindo ambao Ray-Ban iliuingiza sokoni mwaka 1937, lakini iwe na vioo vya progresifu. Juu pa kuonea mbali, katikati pa vipimo vya ndege, chini pa kusomea karatasi, tena bila ule mstari unaotangaza uzee. Tangu Varilux, kioo cha progresifu cha Bernard Maitenaz, itoke Ufaransa mwaka 1959, uzee unafichika. Ila pembeni mwa kioo vitu hupinda, kwa hiyo ukitaka kutazama kando unageuza shingo.

Vituko viko kwenye kupima. Mteja akitazama mbele, natia kitone cha kalamu kwenye kioo, sawasawa na mboni. Sasa yuko mzee mmoja: kila nikisogeza kalamu, anabana tumbo na kuinua kidevu.

"Papa, kaa vile unakaa ku kazi."

"Njo vile ninakaa!"

Haya. Kidevu kikiwa juu, kitone huangukia chini, na pa kusomea panashuka zaidi. Miwani ilipofika, mzee akaivaa mpaka sokoni. Simu ikaita, na ili aone jina la anayepiga ikabidi ainue uso hadi mbinguni. Mama muuza unga akamuuliza amemkosea nini hata amdharau hivyo.

Akarudi amefura. Safari hii nikamkalisha kwenye kiti cha plastiki, nikampa kifuniko cha sufuria kiwe usukani, na nikabandika kalenda darini, maana ndege nyingine zina vitufe juu ya kichwa, na huko progresifu ya kawaida huonesha ukungu. Alipoanza kuitafuta Luano kwenye kifuniko, tumbo lilijiachia lenyewe. Nikapima upesi.

Akaomba pia vioo vya polaroidi, kama vya mdogo wake. Mdogo wake huyo kila akigeuza simu, skrini yake inakuwa nyeusi, naye anakimbilia chaja. Nikakataa: simu ikizimika machoni ni kicheko, skrini ya ndege ni msiba.

Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinamtaka rubani anayerusha ndege akiwa na miwani awe na nyingine ya akiba karibu naye. Basi mzee anayo miwili, yote imepimwa tumbo likiwa limelegea. Nawe ukienda kupimwa, shusha kidevu. Fundi hapigi picha.