Waheshimiwa wa Jopo, Jibu Sahihi ni Lipi Wiki Hii?

Kwa Mwenyekiti na Wanajopo,
Mahojiano ya Kuajiri Walimu wa Shule za Msingi,
Mombasa.

KUH: SWALI LENU LA MASUALA IBUKA KATIKA ELIMU

Waheshimiwa,

Kwanza kabisa, shukrani. Nina saiba hapa Likoni, karibu na steji ya matatu za Ukunda: mashine moja ya kutoa nakala, kompyuta tatu, na feni inayozunguka ikipenda. Mkulima hutegemea mvua, mimi hutegemea mageuzi ya elimu, na tangu 2017 ukame sijauona.

Mwaka huo, mtaala wa umilisi, yaani CBC, ulipoanza kufanyiwa majaribio, nilikuwa mchapishaji wa kadi za harusi. CBC ilipoingia madarasani 2019, kuanzia chekechea hadi Gredi ya Tatu, wazazi wakaanza kunibishia mlango usiku kutafuta picha za rangi za ng'ombe, za matunda, za vyombo vya usafiri, zote za kesho asubuhi. Mwaka 2021 vyuo vya ualimu vikaanza kutoa stashahada badala ya cheti cha P1, na waliokwishafuzu wakaja kutoa nakala za fomu ili warudi kusomea kazi waliyokuwa wakiifanya. 2022 ukaja mtihani wa KPSEA wa Gredi ya Sita. 2023 ikaja sekondari msingi, na mtihani wa KCPE ukafanywa kwa mara ya mwisho. Halafu 2025 CBC ikabadilishwa jina ikawa CBE, nami nikabaki na rundo la vijitabu vyenye herufi moja isiyofaa.

Vijitabu hivyo ndivyo vilivyonifanya niwaandikie. Kila mkitangaza nafasi za walimu, nauza kijitabu cha maswali na majibu ya mahojiano. Mtungaji simjui. Kiliingia dukani ndani ya flashi ya mteja, nami nikakilea. Ukurasa wa tatu una swali mnalolipenda: "Taja na ueleze masuala ibuka katika elimu." Chini yake kuna jibu la kukariri, na walimu wanalikariri kwelikweli, wamesimama pale kwenye foleni ya feri midomo inacheza kama watu wa uradi. Wanakariri, waheshimiwa, kwamba mtaala mpya umekomesha kukariri.

Yuko dada mmoja wa Mtongwe, mwalimu wa BOM, yaani ameajiriwa na bodi ya shule na analipwa kwa michango ya wazazi, na wazazi wenyewe mwawajua. Hunijia jioni nimshikie kijitabu huku akizitaja zile umilisi saba za msingi. Mawasiliano na ushirikiano, sawa. Kuwaza kwa kina na kutatua matatizo, sawa. Ubunifu, uraia, umilisi wa kidijitali, zote zinatoka. Ya sita inampotea kila siku. Ya sita ni kujifunza jinsi ya kujifunza.

Juzi tuko kwenye hiyo ya sita, akaingia mtoto na noti ya mia anataka nakala saba. Nakala moja kwangu ni shilingi tano. Kabla sijashika kikokotoo, yule dada akamwuliza, "Mwanangu, utarudi na ngapi nyumbani?" Mtoto akasema sitini. Hakumwambia amekosea. Alivuta kopo langu la sarafu, akamwambia, "Hebu nionyeshe ulivyohesabu." Mtoto akapanga tano-tano juu ya meza, akanyamaza, akarudia, akacheka mwenyewe: "Sitini na tano, ticha!" Dada akarudisha kopo, akanigeukia: "Haya, ya sita ni ipi?"

Najua hilo halina mahali pa kutiliwa alama kwenye fomu yenu. Nimeitoa nakala fomu ya namna hiyo, nikaikagua mbele na nyuma.

Sasa naomba mnisaidie kusahihisha majibu, maana wateja wananiuliza mimi na mimi si mtaalamu. Kijana mmoja wa Changamwe ametaka kujua aseme nini akiulizwa kuhusu miundombinu. Anakumbuka kwamba serikali ilipanga madarasa 10,000 ya CBC na ikayajenga kwenye shule za upili. Kisha Desemba 2022 ikaamuliwa kwamba Gredi ya Saba, mwanzo wa sekondari msingi, itakaa shule za msingi. Madarasa yakawa ng'ambo moja, watoto ng'ambo nyingine, na hapo hakuna feri. Nilimshauri aseme "kuna changamoto za miundombinu, lakini serikali inazishughulikia", kisha atabasamu. Nilikosea?

Na la pesa je? Mgao uliopangwa kwa mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Kwa mashine yangu hizo ni kurasa 284, na mwaka una siku 365. Yaani serikali ikinikabidhi mtoto huyo, siwezi kumtolea hata ukurasa mmoja kwa siku, na bado hajanunuliwa chaki. Akivuka kuingia Gredi ya Saba, kwenye ua uleule, bomba lilelile na choo kilekile, mgao wake unapanda hadi 15,042. Kwa hiyo ule ukuta baina ya Gredi ya Sita na ya Saba una thamani ya shilingi 13,622. Sijaona ukuta ghali kama huo hata Nyali. Kijitabu kinasema jibu ni "ufadhili toshelevu na endelevu". Nimekiacha hivyo.

Swali la muguka, yale majani ya kutafuna, sina wasiwasi nalo. Kila mmoja Pwani ana jibu, na kibanda cha kuyauza kiko karibu na geti la shule.

Lililonishinda ni la mwaka wa kuhitimu. Mwongozo wenu wa kutoa alama hutilia uzito mkubwa urefu wa kungoja: aliyefuzu zamani huwapita waliofuzu juzi. Sibezi, kwani aliyepanga foleni mapema ana haki ya kuhudumiwa mapema. Lakini nina mteja wa Kisauni aliyesomea ualimu Shanzu zamani, na tangu hapo anaendesha tuktuk, Bamburi hadi Mtopanga. Kila mwaka anaochoma petroli barabarani, alama zake zinapanda. Dada wa Mtongwe, anayeshinda darasani na watoto watatu kwenye dawati la wawili, hafikii hapo. Ameanza kuniuliza kama nauza tuktuk.

Kuna ukurasa mmoja mtupu kwenye kijitabu, wenye kichwa "Haki na maslahi ya mwalimu". Mei 2024, walimu wanagenzi wa sekondari msingi walipokuwa wakiandamana barabarani wakidai ajira ya kudumu, watu waliniuliza mbona siujazi. Nilisubiri jibu rasmi. Wengine huandikia hapo hesabu za nauli.

Ombi dogo pia kuhusu koti. Kijitabu kinamtaka mwanamume avae suti na tai. Yule kijana wa Changamwe aliazima suti ya mjomba wake, ya sufu nzito, akaivaa Februari. Alipofika kwenu alikuwa amelowa kuanzia kola hadi soksi, na nasikia mmoja wenu aliandika "ana wasiwasi". Joto, mheshimiwa. Lilikuwa joto.

Nasubiri majibu yenu ili nichapishe toleo jipya. Mkiwa na mpango wa kubadilisha jina la mtaala tena, nitumieni hata ujumbe mfupi kabla sijanunua karatasi. Na mkihitaji huduma, karibuni dukani: nakala tano, kuskani ishirini, kutia plastiki hamsini. Jopo likija lote nitawapunguzia, ila kwenye risiti naandika bei ileile niliyolipwa.

Wenu mtiifu,
Mwenye saiba, Likoni