Upepo wa Kupima kwa Teke

Mwanza kila mwenye viatu ni mtaalamu wa matairi. Simama stendi ya Nyegezi, simama Buzuruga, hata msibani huko Igoma: gari likishaegeshwa tu, atajitokeza jamaa, atalizunguka mikono ikiwa nyuma, kisha atalitandika tairi teke. Atainamisha kichwa kusikiliza. "Hili lina upepo wa kutosha," atasema, na wote watakubali, maana amesema kwa sauti nzito.

Mimi na teke hili hatuelewani. Tairi za siku hizi zimesukwa nyuzi za chuma ndani. Tairi linaweza kupungukiwa upepo mwingi tu na bado likasimama limejaa mashavu, macho yasione kitu na kiatu kisisikie kitu. Mwenye hamu ya kupiga teke, uwanja wa Kirumba uko wazi, aende na mpira wake.

Bingwa wa teke ninayemfahamu kwa karibu ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Ana mchomoko, Probox nyeupe ya kupeleka watu Sengerema: nyuma wanne, mbele wawili ukimwacha yeye, na kwenye buti viroba vya dagaa ambavyo mwenyewe anaviita "mizigo midogo midogo". Siku moja nikamwambia matairi ya nyuma yamelala. Akacheka.

"Shem, wewe unasoma sana. Jua la Misungwi hili, tairi ukilijaza linapasuka. Ndiyo maana mimi huwa napunguza."

Hii ndiyo elimu inayotembea kutoka kijiwe hadi kijiwe, na ni kinyume kabisa cha ukweli. Tairi lenye upepo pungufu, tena limebebeshwa dagaa na binadamu, ubavu wake unajikunja na kujikunjua kila gurudumu linapozunguka. Kujikunja huko ndiko kunakozaa joto. Joto likizidi, mpira unaachana na nyuzi zake, na hapo ndipo mlio unaposikika, abiria wote wanaanza kusali kwa madhehebu mbalimbali. Kwa hiyo anayepunguza upepo ili lisipasuke anakikimbilia kile anachokikimbia. Ni kweli upepo hupanda gari likitembea, lakini waliolitengeneza wanalijua hilo na wameshalipigia hesabu. Ndiyo maana hupimwa asubuhi, tairi likiwa limepoa, kabla hujaenda popote.

Na kiasi chenyewe si siri. Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo ya mlango. Kuna kikaratasi. Magari yetu mengi yametoka Japani na kikaratasi kimejaa maandishi ambayo hata mwalimu wa Bwiru hayasomi, lakini tarakimu ni zilezile. Utaona 220, au 240. Usishtuke, hizo ni kilopaskali. Mafundi wetu hupima kwa PSI, basi gawanya kwa 7 utakaribia: 220 ni kama 32. Zipo namba za mbele na za nyuma, na kwa baadhi ya magari zipo za gari tupu na za gari lililobeba. Yote hayo yameandikwa, bure, mlangoni, na watu wanapita hapo kila siku kuingia garini kwenda kumuuliza fundi.

Fundi naye! Ukifika unakuta kompresa inanguruma, kipimo hakina kioo, mshale umelala kwenye 40 hata bomba likiwa halijaunganishwa na kitu. "Niweke ngapi, bosi?" Ukimtajia ya kikaratasi anakuonea huruma. "Tuweke thelathini na tano zote, bosi, ndiyo ya magari yote." IST thelathini na tano, Noah thelathini na tano, nadhani hata toroli la zege angelipa hiyohiyo. Kisha anafungua kile kifuniko kidogo cha valvu, anakiweka mchangani, na mimi na kile kifuniko hatuonani tena duniani. Akimaliza anafunga nati kwa kuruka juu ya spana kwa miguu miwili, tena kwa mzunguko, moja baada ya nyingine, wakati zinatakiwa zikazwe kwa kupishana, hii na ya upande wa pili yake, ili gurudumu likae sawa.

Halafu kuna biashara ya matairi ya mtumba. Tangu General Tyre ya Arusha iache kuzalisha, tairi hutufikia likiwa limeshaona dunia. Muuzaji amelipaka rangi nyeusi linang'aa. "Kaka, hili bado bichi, angalia kashata." Kashata naziona. Ila ubavuni, karibu na herufi DOT, kuna tarakimu 4 za mwisho: 2 za kwanza ni wiki, 2 za pili ni mwaka. Ukisoma 2311, hilo "bichi" lilizaliwa wiki ya 23 ya mwaka 2011, na lina umri wa kusoma sekondari. Mpira hukauka na kupasuka hata ukikaa stoo. Watengenezaji kadhaa, Michelin wakiwemo, wanashauri tairi likitimiza miaka 10 liondolewe hata kama kwa macho ni zima. Huku kwetu likitimiza 10 linapakwa rangi.

Si kwamba hatujui la kufanya na tairi lililochoka. Tunalishonea katambuga, tunapandia maua, tunalining'iniza ubavuni mwa vivuko lisugue gati badala ya chuma. Mahali pekee tunapokataa kulistaafisha ni kwenye gari. Na mji wenyewe huu ni wa mawe. Panda Mabatini au Bugando, barabara nyingine imepangwa mawe, na pembeni yapo mengine ambayo hayakupangwa na mtu. Tairi likichanika ubavuni, hakuna kiraka halali. Fundi atakayekuambia analishona, muulize kama naye atapanda. Likivimba, vivyo hivyo. Mvua ikinyesha ndipo vipara hujulikana: mifereji ya tairi kazi yake ni kukimbiza maji, na ndani yake kuna vituta vidogo vinavyoonyesha milimita 1.6. Tairi likishalika hadi usawa wa vituta hivyo, kwisha habari. Gari litateleza juu ya maji kama mtumbwi usio na mpiga kasia.

Nitasema jambo ambalo wenzangu wa Sengerema hawatalipenda. Nakumbuka kivuko. Daraja la JP Magufuli lilipozinduliwa Juni 2025 nilishangilia kama wengine. Kilomita 3 juu ya maji kwa dakika chache, nani asingefurahi? Lakini pale Kigongo, tulipokuwa tukisubiri MV Misungwi au MV Sengerema, dereva alishuka. Alinunua karanga, akazunguka gari, akajikuta anatazamana na tairi lake. Leo anapita moja kwa moja, na wa kwanza kuliona tairi ni yule anayemfuata nyuma.

Limebaki la spea, ambalo kwa wengi wetu ni godoro la chini la viroba. Ile spea nyembamba ya magari ya Kijapani imeandikwa 420, yaani 60 za fundi, na mwisho kilomita 80 kwa saa. Mara ngapi umeipima? Nyingi zimebaki na upepo uleule wa Yokohama, kama upo. Na spea bila jeki ni mapambo.

Basi msomaji, kabla hujavuka kwenda harusini Jumamosi hii, fungua buti, toa spea, ipime kwa kipimo, siyo kwa kiatu. Kipimo cha mfukoni bei yake haizidi sana ya sato wa kukaanga na ugali wake. Na wewe shemeji, najua safu hii huisoma ukisubiri abiria wajae: jeki yangu uliyoazima tangu masika nirudishie, pamoja na ile spana.