Supu ya Watu wa Baridi

Baridi ya Sumbawanga mwezi wa saba haina adabu. Upepo unashuka kutoka milima ya Mbizi, unaingia ndani bila hodi, na mtu mzima unamkuta amekaa mezani na koti. Ndipo nikaamua kupika kjötsúpa, supu ya kondoo ya Iceland. Wale wana msimu mzima wa theluji. Kama kuna watu wanaojua kujipasha moto matumbo, ni wao.

Mahitaji hayatishi: kondoo mwenye mifupa, viazi, karoti, kitunguu, majani makavu kidogo na rutabaga, mzizi mnene wa ukoo wa kabichi. Viazi na karoti sokoni vimejaa. Rutabaga nilipoieleza kwa mikono miwili, mama muuzaji alinifungia magimbi. Nikalipa. Mzizi ni mzizi.

Kesi ilikuwa kondoo. Bwana wa bucha aliapa ndiye, lakini akishachunwa, kondoo na mbuzi ni mapacha, kwa hiyo nikaomba nione mkia. Ulikuwepo, mnene, umening'inia. Umri sikuuliza. Kule Iceland kondoo huteremshwa kutoka malisho ya milimani Septemba, na wanaochinjwa ni wana wa mwaka uleule, wa miezi minne au mitano. Huyu wangu, kwa jinsi alivyokikataa kisu, alikuwa na kitambulisho cha mpiga kura.

Maelekezo yalisema saa moja na ushei. Aliyeyaandika hajapika Ufipa. Hapa tuko kama mita 1,800 juu ya bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Yanatokota kwa mbwembwe, sufuria linacheza, kifuniko kinapiga makofi, na nyama imetulia tu. Nikaongeza mkaa. Nikaongeza maji. Magimbi yakachoka kusubiri, yakapondeka yenyewe, na supu ikaanza kuvutika kwenye mwiko.

Yote hayo mama mkwe wangu, aliyekuja kutusalimia kutoka Namanyere, aliyasikia akiwa sebuleni. Jikoni kwa mkwewe haingii ng'o. Ujumbe ulipita kwa binti yangu wa darasa la pili.

"Baba, bibi anauliza kama moto unawaka."

"Mwambie bibi unawaka vizuri."

Akaenda, akarudi. "Bibi anasema kondoo wa hivyo kwao hubandikwa asubuhi."

Tulikula usiku, watoto wengine wameshalala. Mchuzi ulikuwa mtamu, nausema bila haya; mafuta ya mkia yalikuwa yamefanya kazi yake. Nyama kila mtu alipambana nayo kivyake, kimya, kwa heshima ya mgeni. Mama mkwe alimaliza bakuli, akapangusa mdomo kwa ncha ya kanga, akamnong'oneza mjukuu.

"Baba, bibi anashukuru sana. Anauliza, hao watu wa Iceland wakishakunywa hii, ugali wao huwa wanakula saa ngapi?"